Makoti Yasiyo ya Wenyewe

Mimi Skaidrite, mtunza makoti wa jumba la opera, Riga,
miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta hii ya mbao,
nimekosea usiku mmoja tu.
Umeme ulikatika katikati ya tendo la tatu,
vibati vya namba vikamwagika sakafuni,
na wanakwaya saba wakatoka kwenye theluji,
kila mmoja ndani ya koti la mwenzake.
Hakuna aliyepata lake. Hata mmoja!

Olgerts, mlinzi wa usiku, alicheka hadi akapaliwa.
Zamani alikuwa mkaguzi wa hesabu, kiwanda cha samaki wa kopo.
"Umekosea kwa njia moja," akasema,
"kati ya elfu moja mia nane hamsini na nne."
Akanionyesha kwa penseli, nyuma ya programu ya jana:
wawili hukosana kwa njia moja, mimi lako, wewe langu;
watatu, kwa mbili;
wanne, tisa;
watano, arobaini na nne.
Zidisha kwa idadi ya watu waliopo.
Wakipangika wawili wawili, ongeza moja;
akibaki mpweke, toa moja.
Basi. Hapo ndipo nilipopotelea.

Tangu siku hiyo, tendo la kwanza likianza na korido ikinyamaza,
nazidisha.
Namba nzima siitazami, itanimeza;
natazama ile ya mbele, inayobisha hodi.
Kuanzia makoti saba hadi kumi na mawili
hodi ni ile ile:
moja, moja, moja,
moja, moja,
moja.
Namba inarefuka, uso haubadiliki,
kama binti wa jirani yangu Dzidra:
kila majira ya baridi mikono ya koti inamwishia juu zaidi,
na bado ni yule yule, na kidevu kile kile cha ubishi.
Nilishangaa, kisha nikaona aibu kushangaa:
unazidisha kwa nane, kwa tisa, kwa kumi,
na kumi haigusi sura ya mtu,
humshonea mkia tu.

"Moja hukawia mlangoni," alisema Olgerts, chai ikimpoa.
"Kufika mbili lazima uwe mara mbili yako.
Tisa kufika kumi ni kuruka kizingiti."
Meneja wao alikamatwa kwa hilo.
Gharama zake za kubuni zilianza na tano, na sita, na tano tena;
mwongo huona haya kuandika moja,
hudhani uongo wa katikati haumshtui mtu.

Nikarudi kwenye karatasi zangu, mbio.
Makoti mawili hadi ishirini:
moja mara nane, mbili mara nne,
nne mara tatu,
tatu, saba, nane, tisa, mara moja moja.
Tano hakuna.
Sita hakuna.
"Basi zangu ni za uongo kinyumenyume?"
Akainua mabega. "Hazina haraka, Skaidrite.
Wala hazina deni nawe."

Jana Daugava iliganda ukingo hadi ukingo.
Tramu ya mwisho ikapita tupu, nikaiacha ipite.
Ishirini na moja: moja.
Ishirini na mbili: nne. Kisha tisa. Kisha mbili.
Mkono uliniuma, nikapuliza vidole,
na kwa watu ishirini na watano
ikaingia tano,
imetangulia msafara wa tarakimu ishirini na tano,
bila kuomba radhi kwa kuchelewa.
Nilitaka kumwita Olgerts. Alikuwa amelala kwenye kiti, buti miguuni.

Sita bado.
Kulabu ya sita ina koti la kijivu tangu Novemba,
mfukoni glavu moja ya kushoto.
Nalipiga brashi kila Ijumaa.
Huenda mwenyewe anapita mjini hivi sasa
ndani ya koti la mtu mwingine,
na limemkaa.

Nimechonga penseli.
Ishirini na sita.
Zidisha, ongeza moja.